Ndege ya Mfano: Tangu Bua la Mtama Hata Bamba la Plastiki

Katika mazungumzo haya tumekusudia kueleza habari za kazi moja ambayo wazee wengi huiita mchezo. Kazi hiyo ni kutengeneza ndege ya mfano, yaani ndege ndogo iliyo na umbo lile lile la ndege kubwa, kila kiungo chake kikiwa kimepunguzwa kwa kipimo kimoja. Tutaeleza asili yake, na jinsi ifanywavyo kwa mabamba ya plastiki, na kwa nini twaona yafaa kuheshimiwa katika shule za Bariadi, Maswa, Meatu na sehemu nyingine za Mkoa wa Simiyu.

Mtoto wa Usukuma hana haja ya kufundishwa kupenda mifano. Mchungaji akiketi kando ya mto hutwaa udongo akafinyanga fahali mwenye nundu na pembe. Mtama ukiisha kuvunwa hutwaa mabua, akayamenya, akaunganisha vipande kwa vijiti, akapata gari lenye magurudumu. Lakini mtazameni fahali yule wa udongo: nundu yake ni kubwa kupita kiasi na pembe zake ni ndefu mno, kwa kuwa mtoto hukikuza kile anachokistahi. Hiyo ni sanaa njema, wala hatuidharau. Ila ndege ya mfano yadai jambo jingine. Yadai jicho litii rula, hata pale ambapo moyo wapenda bawa liwe refu zaidi.

Ndege zilianza kuja karibu na nchi hii mapema kuliko wengi wadhanivyo. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilianzisha safari za kila juma kutoka London hata Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria. Basi kabla mji wa Mwanza haujafikiwa na barua za ndege kutoka pande nyingine nyingi za dunia, ulikuwa umekwisha kuwa mwisho wa njia ndefu ya anga itokayo Ulaya. Na Bariadi iko upande wa mashariki wa Mwanza, nchi ambayo Mto Simiyu huipitia ukielekea ziwani.

Sasa na tuulize: je, kitu kidogo cha kuchezea kinaweza kuzaa jambo kubwa? Historia yajibu ya kwamba chaweza. Mnamo mwaka 1871 Mfaransa mmoja, Alphonse Pénaud, alirusha huko Paris ndege ndogo iliyoendeshwa kwa mpira uliosokotwa. Miaka saba baadaye, yaani 1878, baba mmoja wa Marekani aliwaletea wanawe wawili kitu cha kuchezea cha namna hiyo, kilichopaa kwa nguvu ya mpira. Watoto hao walikuwa Wilbur na Orville Wright. Kilipovunjika walijaribu kukitengeneza kingine. Walipokuwa watu wazima, mwaka 1901, walijenga sanduku la mbao lenye kuvumisha upepo, wakajaribu ndani yake mabawa madogo ya maumbo mengi, kila moja likipimwa na kuandikwa. Ndipo mwaka 1903 wakaruka. Hawakubahatisha, mabawa madogo ndiyo yaliyowafundisha jinsi ya kuyafanya makubwa.

Baadaye mifano ilipata kazi nyingine. Mwaka 1936 huko Uingereza zilianza kuuzwa ndege za mfano za plastiki ziitwazo Frog Penguin, zilizofanywa kwa kipimo cha moja kwa sabini na mbili. Kipimo hiki si cha ajabu. Futi sita ni inchi 72, kwa hiyo kila inchi moja ya mfano ni futi sita za ndege yenyewe. Yaani urefu wa mtu mrefu wahesabiwa kuwa inchi moja. Vita Kuu ya Pili ilipofika Marekani, jeshi la majini la nchi ile liliwaomba wanafunzi wa shule, mwaka 1942, watengeneze mifano 500,000 ya mbao kwa kipimo hicho hicho. Mifano hiyo haikuwa ya kupamba meza. Ilitundikwa na kuonyeshwa kwa askari ili wajifunze kuitambua ndege kwa umbo lake, wajue ni ya rafiki au ya adui kabla ya kufyatua risasi.

Katika miaka hiyo hiyo ilizaliwa ndege ya jeti, isiyo na rafadha, isukumwayo na hewa ya moto itokayo nyuma kwa nguvu. Ya kwanza, Heinkel He 178 ya Ujerumani, iliruka tarehe 27 Agosti 1939. Ya Waingereza, yenye injini ya Frank Whittle, iliruka tarehe 15 Mei 1941. Nayo Afrika ya Mashariki haikukaa nyuma katika habari hizi. Tarehe 2 Mei 1952 ndege iitwayo Comet ilianza safari ya kwanza duniani ya jeti yenye kuchukua abiria wa kulipa nauli, kutoka London hata Johannesburg, nayo katika njia yake ilitua Entebbe. Mwaka 1960 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likapata ndege za Comet zake lenyewe.

Lakini ziko habari nyingine zenye uchungu, na hizo ndizo zitufanyazo tuseme ya kwamba kazi hii si mchezo mtupu. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwaka 1978, anga ya nchi zetu za ziwa ilijaa mashaka. Mwaka huo huo ndege tatu za kivita za Tanzania zilitunguliwa karibu na Musoma. Hazikutunguliwa na adui. Zilitunguliwa na walinzi wetu wenyewe, waliodhani ya kuwa ni za adui. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege kubwa ya Libya, ya namna ya Tupolev Tu-22, ilitumwa kuipiga Mwanza. Ilikosa shabaha yake; mabomu yakaangukia kisiwa cha Saa Nane, palipotunzwa wanyama, wakafa wanyama wasio na hatia.

Hatusemi ya kwamba mifano michache ya mbao ingaliwaokoa marubani wale wa Musoma. Kusema hivyo kungekuwa kudanganya. Uganda ilikuwa na ndege za MiG-17 na MiG-21 za Kirusi, nasi tulikuwa na ndege za Kichina zilizoigwa kutoka MiG hizo hizo. Ndugu wawili wa tumbo moja hawatofautishwi kwa urefu wa pua. Hapo yahitajiwa alama, na habari zipelekwazo kwa wakati, na amri iliyo wazi. Lakini jambo moja twalisema kwa hakika: kutazama si kuona. Mwenye kutengeneza kitu kwa mikono yake, akapima kila pembe yake, hukiona kwa namna ambayo mpita njia hawezi. Bawa la MiG-17 limeelekea nyuma. Bawa la MiG-21 ni pembetatu. Aliyekata maumbo hayo mawili kwa kisu hatayasahau.

Sasa tueleze jinsi kazi ifanywavyo. Kwanza ni kuipata plastiki ifaayo. Si kila plastiki ni moja. Madumu ya mafuta na ndoo nyingi hufanywa kwa plastiki laini isiyoshika gundi; ukiikunja hurudi. Ifaayo ni polistirini, ambayo ni kavu na hukatika kwa mlio. Vikombe vingi vyepesi vya mtindi hufanywa kwa hiyo. Chini ya chombo tazama alama ya pembetatu: ukiona tarakimu 6 ndani yake, umepata polistirini. Mjini huuzwa pia mabamba yake meupe, mengine yenye unene wa nusu milimita, mengine milimita moja.

Pili ni hesabu. Bawa la MiG-21, kutoka ncha hata ncha, lina mita 7.15. Gawanya kwa 72, utapata sentimita 9.9. Comet ya mwaka 1960 ilikuwa na mita 35. Gawanya vivyo hivyo, utapata karibu sentimita 48 na nusu. Na mjue ya kwamba kosa la milimita moja katika mfano ni kosa la milimita 72 katika ndege yenyewe, upana unaokaribia ule wa kiganja cha mtu. Mwanafunzi asemaye ya kuwa kugawanya hakuna faida, na apewe kazi hii.

Tatu ni kukata. Bamba halikatwi kwa nguvu. Huwekwa rula ya chuma juu yake, likachanjwa kwa kisu mara mbili au tatu, kisha hukunjwa polepole, nalo hukatika sawasawa mahali pa chanjo. Kiwiliwili cha ndege hujengwa kama jahazi: hukatwa mataruma ya duara, makubwa kwa madogo, yakasimamishwa katika mstari, kisha hufunikwa kwa vipande vyembamba kama mbao za jahazi. Mahali palipoviringika sana, kama pua na kioo cha rubani, huchongwa kalibu ya mti. Bamba hupashwa moto hata lilainike, likavutwa juu ya kalibu na kuachwa lipoe. Likipoa hushika umbo lile.

Nne ni kuunga. Polistirini haiungwi kama mbao kwa gundi ya kukauka juu. Dawa yake huyayusha kidogo pande zote mbili, nazo zikigusana huwa kitu kimoja. Asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, huweza kufanya kazi hiyo ikipakwa kidogo kwa brashi. Lakini dawa hizi hushika moto upesi na mvuke wake ni mbaya kwa mapafu. Sharti zitumiwe nje, penye upepo, mbali na jiko na taa, naye mtu mzima awepo.

Mwisho ni kuziba nyufa. Vipande vidogo vilivyobaki huyeyushwa katika dawa ile ile, vikawa uji mzito, ukapakwa penye mwanya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nayo rangi haifichi ufa, bali huudhihirisha. Ikikauka husuguliwa kwa msasa. Wengi hununua msasa wa karatasi dukani, wakisahau ya kwamba jina hilo ni la mti ambao majani yake makavu yalitumiwa na maseremala wa zamani kwa kazi hiyo hiyo.

Wako watakaouliza: mtoto wa mkulima wa pamba atapata faida gani kwa ndege isiyoruka? Twajibu ya kwamba fundi atengenezaye mtambo wa kuchambua pamba, na mpimaji wa mashamba, na mjenzi wa daraja juu ya Mto Simiyu, wote hufanya kazi moja: husoma mchoro mdogo wakafanya kitu kikubwa, wala kitu hicho hakiwasamehe wakikosea. Mwanafunzi wa ndege ya mfano huianza njia hiyo kutoka upande wa pili. Huanza na kikubwa akafanya kidogo. Akikosea hapotezi mali wala roho ya mtu. Hupoteza kikombe kimoja cha mtindi, naye huanza tena.

Basi, walimu wenzetu, mkimkuta mtoto nyuma ya darasa akikata plastiki, msimwulize kwanza kwa nini anachafua sakafu. Mwulizeni amegawanya kwa ngapi. Akiweza kujibu, mpeni rula iliyo bora kuliko ile aliyo nayo.