Kulimbika Vitabu: Istilahi kwa Msomaji wa Polepole

Wajapani wana neno moja la kutaja tabia ya kununua vitabu, kuvipanga kimoja juu ya kingine na kuviacha hapo bila kusomwa: tsundoku. Ni neno la zama za Meiji, kati ya 1868 na 1912, na lilizaliwa kwa kucheza na maneno. Tsunde oku ni kurundika kitu na kukiacha; doku ni namna mojawapo ya kuisoma alama inayoandika tendo la kusoma. Oku ya mwisho ikageuzwa doku, na kuacha kukavikwa vazi la kusoma. Mzaha ule ukakomaa, ukawa neno la kila siku.

Kabla ya kulitafutia mwenzake wa Kiswahili, inafaa kujua tsundoku haimtaji nani. Mwaka 1809 Mwingereza Thomas Frognall Dibdin alichapisha kitabu kizima kuhusu wazimu wa vitabu, maradhi ya matajiri waliowinda matoleo ya kwanza na nakala adimu. Mgonjwa wa Dibdin anataka kumiliki. Mtu wa tsundoku anataka kusoma, ila vitabu vinamjia kwa mwendo mmoja na macho yake yana mwendo mwingine. Mimi ni msomaji wa polepole, na naona tafsiri yoyote itakayomgeuza mtu huyu kuwa mgonjwa au mdaiwa itakuwa imekosea mlango.

Njia fupi ni kukopa na kuandika sundoku. Si jambo geni. Baada ya tetemeko la Bahari ya Hindi la Desemba 2004, mawimbi yalipofika hadi pwani zetu, neno jingine la Kijapani lilienea redioni na magazetini katika muda mfupi. Lakini sunami lilikuja likiwa na jambo ambalo hatukuwa na jina lake. Kurundika vitu na kuvisubiri tuna majina yake, tena mengi, na kila moja lina hukumu yake ndani.

Mrundikano ni neno la mahakama. Anayesema mrundikano wa kesi analalamika kwamba kazi iliyotakiwa kuisha haikuisha na kuna watu wanaoumia kwa kungoja. Malimbikizo ni neno la mishahara na kodi, na mwenye malimbikizo anadai au anadaiwa. Ukiyaita hivyo vitabu vyako, kila jioni unakaa mbele ya wadai. Nimewasikia watu wakisema hivyo hasa, kwamba wana deni la vitabu, na ninaamini neno hilo limewafukuza wengi kwenye kusoma. Kitabu hakikudai chochote. Anayelazimika kulipa atalipa harakaharaka, na riwaya iliyosomwa namna hiyo haibaki.

Kiporo nusura kinishawishi. Ni chakula kilicholala, na mashabiki wa mpira huita mechi iliyoahirishwa kiporo, mechi ambayo lazima itachezwa. Neno lina matumaini na halina lawama. Tatizo ni kwamba kiporo kimeshaguswa, kwa sababu chungu kilipakuliwa jana. Kwa hiyo nadhani kina kazi yake maalumu kwenye rafu, nayo ni kutaja kitabu kilichoanzwa na kuachwa katikati. Msomaji wa polepole anahitaji sana kutofautisha viporo na vitabu ambavyo havijafunguliwa, maana kiporo kikikaa muda mrefu humlazimu kurudi ukurasa wa kwanza, na saa alizokwisha kutoa zinapotea.

Istilahi ninayoitetea ni kulimbika. Limbika ni kukusanya kidogo kidogo na kusubiri. Kisima kinapokaribia kukauka, mtu hulimbika maji: anayaacha yachuruzike taratibu na kujikusanya, ndipo ateke. Watu hulimbika pia matunda mpaka yaive. Ndani ya kitenzi hiki mna kukusanya, mna subira, na mna nia ya kutumia. Mambo matatu ambayo tsundoku inayo na maneno yale mengine hayana yote kwa pamoja. Malimbikizo yenyewe yametoka humo humo, kupitia limbikiza, lakini njiani yakaingia ofisini na kuchukua harufu ya deni. Mzizi bado ni safi.

Unazaa pia bila taabu. Tendo ni kulimbika vitabu, mtendaji ni mlimbikaji, na fungu lenyewe ni limbiko. Sundoku lingehitaji miaka mingi kuzaa ukoo huo, na huenda lisingeuzaa kamwe.

Kisima kile kina hesabu yake, na hapa ndipo istilahi inapolazimika kubeba uzito wa kitaalamu. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alitoa uthibitisho wa kanuni ambayo leo hutumika kuchunguza foleni za kila aina, za viwandani, hospitalini na ndani ya kompyuta. Inasema kwamba wastani wa vitu vilivyomo kwenye foleni ni sawa na kasi ya kuingia ikizidishwa kwa wastani wa muda wa kungoja. Ichukue kwenye rafu. Mtu anaingiza vitabu 12 kwa mwaka na kutoa 12, na limbiko lake ni vitabu 60. Gawanya 60 kwa 12: kila kitabu kitangoja, kwa wastani, miaka 5. Akilipunguza hadi 12 na kulishikilia hapo, vitangoja mwaka mmoja.

Kinachonivutia zaidi katika kanuni hii ni kwamba haijali mpangilio. Soma cha juu au cha chini, panga kwa rangi au kwa tarehe ya kununua, wastani wa kungoja ni ule ule. Mbinu nyingi ambazo watu hushauriana kuhusu kitabu gani kitangulie haziligusi limbiko hata kidogo. Zinaamua nani angoje zaidi ya mwenzake, basi. Ila kanuni ina sharti: kwa muda mrefu, vinavyoingia na vinavyotoka viwe sawa. Anayenunua viwili kwa mwezi na kusoma kimoja anaongeza 12 kila mwaka, na kwake hakuna wastani wa kuzungumzia.

Je, asome haraka zaidi? Keith Rayner na wenzake, katika makala iliyotoka 2016, walipitia utafiti wa miongo mingi juu ya kusoma na kuonyesha kwamba mtu akizidisha sana kasi yake hulipa kwa kupoteza uelewa. Hata vipimo vya kasi visitutishe. Mwaka 2019 Marc Brysbaert wa Ubelgiji alikusanya tafiti nyingi akapata wastani wa maneno 238 kwa dakika kwa anayesoma kimya maandishi ya Kiingereza yasiyo ya kubuni. Tarakimu hiyo haihamishiki kwetu. Neno moja la Kiswahili kama hatutamsomea lina ukanushi, mtenda, wakati, mtendewa na kitenzi. Kiingereza kingeandika maneno kadhaa. Anayejipima kwa maneno kwa dakika anapojisomea Kiswahili anajionea bure.

Hesabu yenye faida ni ya nyumbani. Tuseme mtu anasoma maneno 100 kwa dakika. Riwaya ya maneno 60,000 itamchukua saa 10. Kwa nusu saa kila siku ni siku 20, yaani riwaya 18 hivi kwa mwaka. Idadi hiyo inatosha sana kwa maisha ya msomaji, na kwa kanuni ya Little ndiyo inayomwambia aingize vingapi. Wala unene haupimi kila kitu. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1990, ni kijitabu chembamba kinachomshika msomaji makini kwa majuma, na anayekikimbiza hatoki na chochote.

Njia ya kutoka si kusoma peke yake. Kumpa mwenzako kitabu ambacho huna tena hamu nacho ni kutoa kwenye foleni, na kanuni inakihesabu sawasawa na kilichosomwa. Ningependa walimbikaji wetu walifanye hilo bila kujisikia wameshindwa, hasa panapokuwa na maktaba ya shule karibu.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna sababu nzuri ya kuwa na limbiko. Vitabu vyetu vingi huchapwa nakala chache, na toleo likiisha unaweza kungoja miaka. Anayekutana na riwaya ya zamani kwa muuza vitabu wa kando ya barabara asiseme atarudi mwezi ujao. Abdulrazak Gurnah alipata Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mojawapo ya riwaya zake, ikatoka 2022, miaka 28 baada ya riwaya ya asili. Vitabu vinavyochelewa kutufikia kiasi hicho tuvichukue vikiwepo, hata kama zamu yake ya kusomwa bado.

Nassim Nicholas Taleb, katika kitabu chake cha 2007, alimtaja Umberto Eco na maktaba yake ya vitabu vipatavyo 30,000, akasema kwamba vile ambavyo havijasomwa ndivyo vyenye thamani zaidi, kwa kuwa vinamkumbusha mwenyewe asichokijua. Ni wazo zuri kwa mtafiti kama Eco, aliyetumia maktaba kutafutia. Msomaji wa polepole ana haja nyingine. Anataka kufika kwenye kitabu. Kwa hiyo jina alilotoa Taleb, ambalo tungeweza kulifasiri maktaba kinyume, nisingelitumia kwa tsundoku. Ni dhana mbili.

Limebaki swali la vitabu vya kwenye simu, vile vinavyotumwa kwa makundi, mamia kwa siku moja, bila anayevipokea kuchagua hata kimoja. Hivyo nisingeviita limbiko. Hakuna aliyevisubiri, wala hakuna aliyenuia kuvisoma, na kasi ya kuingia haina mpaka. Rundo linatosha kuwa jina lake, na kulifuta ni halali.