Maprofesa wa Boyoma na habari za siku

Kisangani, mji uitwao pia Boyoma, kuanzia mtaa wa Kabondo hadi Lubunga ng'ambo ya mto, uchaguzi ukikaribia au bunduki zikilia, watu hutaka kusikia profesa anasemaje. Desturi hiyo ilipatikana kwa taabu.

Chuo kikuu cha mji kilianzishwa na Waprotestanti mwaka 1963, mji ukiitwa bado Stanleyville. Agosti 1964 waasi wa Simba waliuteka mji, na masomo yakahamia Léopoldville (sasa Kinshasa). Mwaka 1971, baada ya migomo ya wanafunzi, Rais Mobutu aliunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi kuwa kimoja, kisha akagawa fani: sayansi ya jamii Lubumbashi, Kisangani elimu, saikolojia na sayansi. Mji ulioona maasi mengi ukanyimwa watu wa kuyachambua.

Pengo hilo lilizibwa kwa kiasi na Mbelgiji Benoît Verhaegen, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa elimu, CRIDE. Alishaandika juzuu mbili juu ya maasi ya Kongo, akitumia vipeperushi na barua za waasi wenyewe. Mwaka 1974 alitoa kitabu cha kufafanua mbinu yake: tukio lichunguzwe wangali hai waliolitenda, nao waulizwe, wabishane na mtafiti. Kisha akasimamia kitabu cha historia ya Kisangani kutoka 1876 hadi 1976. Kwangu mimi, hakuna msomi aliyeuheshimu mji huu zaidi yake.

Ernest Wamba dia Wamba alipita njia nyingine. Mwanahistoria huyu, aliyefundisha Dar es Salaam miaka mingi, aliacha kuchambua vita akaingia ndani yake: Agosti 1998 alikuwa kiongozi wa kundi la waasi la RCD. Wenzake walipomng'oa mwaka 1999 alihamia Kisangani, chini ya ulinzi wa Uganda. Rwanda ikabaki na tawi la RCD la Goma. Majeshi ya nchi hizo mbili yalipigana mjini Agosti ya mwaka huo, kisha tena Juni 2000, siku sita mfululizo. Umoja wa Mataifa ulitaja raia zaidi ya 760 waliouawa.

Hesabu ya wafu ikawa kazi ya wasomi wengine. Mwaka 2020 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliteua wataalamu wanne katika kesi ya Kongo dhidi ya Uganda juu ya vita hivyo. Mmoja wao, Debarati Guha-Sapir, alikadiria vifo vya ziada karibu milioni 5 nchini kati ya 1998 na 2003. Majaji hawakumfuata. Makadirio hayo, walisema, hayaonyeshi ni vifo vingapi vilivyosababishwa na Uganda. Wakachukua kadirio la vifo kati ya 10,000 na 15,000, na Februari 2022 wakaamuru fidia ya dola milioni 325, zilipwe kwa mafungu ya milioni 65 kila mwaka. Kongo ilikosa ushahidi wa kutosha wa mtu mmoja mmoja. Lakini Juni 2000, kombora likipasua paa, nani Kabondo angekimbilia ofisini kuomba cheti cha kifo?

Na hapo ni upande wa Uganda tu. Kesi dhidi ya Rwanda ilitupwa Februari 2006: mahakama ilisema haina mamlaka.