BlazeDS: nyumba wazi, lango la mwenyewe

Hebu turudi nyuma kidogo. Mwaka 2002 Macromedia walianza kunadi tovuti zinazofanya kazi kama programu kamili, bila ukurasa kupakiwa upya kila unapobonyeza. Flash Player ilichora skrini, data ikakaa kwenye seva. Katikati palikuwa na AMF, mtindo wa kufunga data kwa baiti, mwepesi kuliko maandishi marefu ya XML.

Adobe waliinunua Macromedia mwaka 2005. Seva yao ya LiveCycle Data Services haikungoja kuulizwa tu: bei ya hisa ikibadilika, ilimpelekea ujumbe kila aliyejiandikisha. Tatizo? Kwa kazi kubwa, leseni ililipiwa.

Desemba 2007 wakatangaza BlazeDS kama programu huria, na maelezo ya AMF yakachapishwa. Sasa yeyote aliyejua Java angeweza kuunganisha Flex na data yake bila kulipa. Raha iliyoje!

Lakini Flash Player yenyewe haikufunguliwa. Apple waliikataa kwenye iPhone, na mwaka 2010 Steve Jobs akaeleza sababu hadharani. Mwaka 2011 WebSocket ikawa kiwango rasmi. Vivinjari vikaanza kupokea ujumbe vyenyewe. Tarehe 31 Desemba 2020 Adobe wakaacha kuihudumia Flash Player.

Msimbo wa BlazeDS bado unasomeka, ila mteja wake mkuu hayupo. Kwa hiyo ndugu msomaji, ukichagua zana, usiulize tu kama seva ni huria. Uliza pia: ufunguo wa upande wa mtumiaji anao nani?