Historia ya kukausha jaruba: maji, mbolea na gesijoto katika kilimo cha mpunga

Kila msimu swali hili hurudi kwenye skimu zetu: "Afisa, mpunga si zao la maji? Mbona unatuambia tukaushe majaruba?" Ni swali la haki, kwa sababu wazee wetu walijaza maji na wakavuna. Leo nitalijibu kwa njia ya historia, maana aliyejua jambo lilikotoka halifuati kwa kuamrishwa tu.

Tuanze na mmea wenyewe. Mpunga haupendi kuishi majini, ila unavumilia. Magugu mengi hayavumilii. Ndiyo maana wakulima wa Asia walijaza maji tangu zamani: maji yaliwapunguzia palizi.

Lakini maji yakikaa muda mrefu, hewa haiingii kwenye udongo. Vijidudu visivyohitaji hewa huanza kuozesha mabua, mizizi na samadi, na hutoa gesi ya methani. Ukikanyaga tope la jaruba ukaona mapovu, ndiyo hiyo. Mapovu ni sehemu ndogo tu, kwani gesi nyingi hupanda kupitia ndani ya shina la mpunga kama moshi kwenye dohani.

Gesi hii ilijulikana mapema. Mwaka 1776 Mwitaliano Alessandro Volta aliikusanya kutoka kwenye tope la Ziwa Maggiore. Mwaka 1913, kule Coimbatore nchini India, Harrison na Aiyer waliandika kuhusu gesi zilizomo kwenye udongo wa mpunga, methani ikiwemo. Wakati huo walitaka kujua afya ya mizizi. Habari za tabianchi hazikuwapo mezani. Ni mwaka 1981 tu ndipo Cicerone na Shetter walipochapisha vipimo vya methani inayotoka kwenye mashamba ya mpunga ya California, na vipimo vya Italia vikafuata. Hapo dunia ikaanza kuuliza mpunga unachangia kiasi gani cha joto. Uzito uleule wa methani hupasha dunia joto takriban mara 27 hadi 30 zaidi ya hewa ukaa, ukihesabu kwa miaka 100.

Sasa angalieni jambo la China. Kuanzia miaka ya 1980 wakulima wengi wa huko walianza kutoa maji katikati ya msimu. Hakuna aliyewalipa kwa ajili ya tabianchi. Maji yalikuwa yanapungua, na waliona kwamba jaruba likipumzika kidogo machipukizi yasiyo na faida hupungua, mizizi hushika vizuri na mavuno hayashuki. Mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na Li Changsheng walikadiria kwamba badiliko hilo lilipunguza methani ya mashamba ya mpunga ya China kwa karibu asilimia 40 kati ya 1980 na 2000. Mkulima alikuwa akitafuta gunia na maji, hewa ikanufaika.

Karibu na kwetu zaidi ni Madagaska. Mwaka 1983, eneo la Antsirabe, padri Mfaransa Henri de Laulanié na wanafunzi wake walipandikiza miche ya siku 15, mmoja mmoja, kwa nafasi pana, bila kufurika maji muda wote. Miche ilichipua kupita walivyozoea. Mbinu hiyo ndiyo sisi tunaiita kilimo shadidi. Wakulima wa Mwea nchini Kenya wameijaribu, na hapa Tanzania watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine waliifanyia kazi na wakulima wa Mkindo, Mvomero.

Ufilipino nako, taasisi ya utafiti wa mpunga ya IRRI ilirahisisha mambo kwa kipande cha bomba kilichotobolewa matundu. Kinazikwa jarubani, udongo wa ndani unatolewa, na mkulima anachungulia maji yako wapi chini ya ardhi. Yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, anafungulia tena hadi sentimita 5. Hakuna kubahatisha.

Upande wa mbolea historia ni chungu zaidi. Mtaalamu wa Kijapani Shioiri alionyesha, miaka ya kuelekea na ya Vita Kuu ya Pili, kwamba mbolea ikiachwa juu ya jaruba lililojaa hubadilika kwenye utando wa juu wenye hewa, kisha huzama kusiko na hewa na kupotea kama gesi. Sehemu ya gesi hiyo ni naitrasi oksaidi, ambayo kwa uzito hupasha joto zaidi ya mara 270 ya hewa ukaa. Ndiyo hatari ya kukausha na kulowesha ovyo: methani inashuka, naitrasi oksaidi inapanda, na fedha ya UREA imeruka hewani. Faida kwa jumla bado ni kubwa, mradi mbolea isizidi na isimwagwe wakati usiofaa.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, historia hii inatuachia haya:

1. Baada ya kupandikiza, acha maji wiki mbili hivi ili kubana magugu. Kisha anza kukausha na kulowesha kwa kufuata bomba.
2. Kuanzia wiki moja kabla ya kuchanua hadi wiki moja baada yake, usikaushe. Hapo ndipo mapepe hutokea.
3. Weka mbolea ya kukuzia wakati jaruba halina maji, halafu fungulia maji mara moja yaipeleke chini. Igawe mara mbili au tatu, usiimwage yote siku moja.
4. Usizamishe mabua mabichi au samadi mbichi kwenye tope. Ozesha kwanza iwe mboji.

Wafanyabiashara nao wasome hili. Maji yakisimamiwa vizuri, hata jaruba la mwisho wa mfereji linavuna, na mzigo wa kununua unaongezeka. Atakayekuja kijijini na mkataba wa kuuza hewa ukaa, mwulizeni nani atapima, nani atalipwa na lini, na mkataba usomwe kwenye mkutano kabla ya mtu kuweka dole gumba.

Mwisho, bomba moja halitoshi kama zamu za maji hazieleweki. Mkulima wa karibu na banio hujaza kwa sababu anaogopa kesho maji hayatakuja. Chama cha wamwagiliaji kikiandika zamu na kuzisimamia, hofu hiyo itaisha, na jirani wa chini ataacha kulinda mfereji usiku kucha na panga mkononi.