Undugu: Shirika linalopambana na ufukara wa mitaani

Shirika la Undugu Society of Kenya lilianzishwa jijini Nairobi mwaka wa 1973 na Kasisi Arnold Grol, mmishonari Mkatoliki kutoka Uholanzi. Wakati huo, wavulana wasio na makao walijitafutia riziki kwa kuwaonyesha madereva nafasi za kuegesha magari.

Mwanzoni shirika liliwashughulikia wavulana hao. Hata hivyo, ilibainika kwamba chakula na malazi havimfai mtoto iwapo ufukara uliomfukuza nyumbani ungalipo. Ndipo likaingia katika mitaa ya mabanda. Waliokosa shule walianzishiwa masomo ya msingi yaliyofupishwa, kisha vijana wakapelekwa kwa mafundi wa jua kali kujifunza kazi za mikono. Katika eneo la Pumwani, familia za mapato ya chini zilisaidiwa kujenga nyumba za gharama nafuu.

Kazi yenyewe haijaisha. Sensa ya mwaka wa 2018 ilipata watu 46,639 wanaoishi mitaani nchini, 15,337 kati yao wakiwa Nairobi. Kuwafukuza barabarani hakujawapunguzia dhiki. Asiyeziba ufa, walinena wahenga, hujenga ukuta. Na ufa huu huanzia nyumbani.