Jicho la Anayejificha

Sarufi hutufundisha kwamba nafsi ni tatu: ya kwanza ni yake asemaye, ya pili ni yake asemeshwaye, na ya tatu ni yake asemwaye. Wahakiki wa riwaya waliyaazima majina hayo zamani ili kumtenga msimulizi asemaye "mimi" na yule asemaye "yeye", na katika miaka yetu watungaji wa michezo ya video wameyaazima mara nyingine. Mchezo ukionyesha katika skrini yale tu ambayo macho ya mhusika yangeyaona, husemwa kuwa ni wa nafsi ya kwanza. Kamera ikisimama nje ya mhusika, nasi tukamwona mgongo na kisogo akitembea mbele yetu, husemwa kuwa ni wa nafsi ya tatu. Majina haya yamekwisha kubalika, wala sina haja ya kuyapinga. Ila yataka tahadhari moja. Katika riwaya "yeye" ni mtu mwingine, asiye msomaji. Katika mchezo, yule ninayemwona kwa mgongo ni mimi mwenyewe: nikibonyeza, anakwenda, akikamatwa, nimekamatwa. Basi nafsi ya tatu ya michezo si "yeye" hata kidogo. Ni "mimi" aliyepewa jicho nje ya mwili wake.

Katika michezo mingi tofauti hii ni ndogo. Anayeendesha gari la mashindano aweza kuitazama njia kutoka kitini au kutoka nyuma ya gari, na mashindano yakabaki yale yale. Lakini iko jamii moja ya michezo ambamo mahali pa jicho hugeuza kila kitu, nayo ni michezo ya kunyemelea: ile ambayo mchezaji, akiwa mpelelezi au mwizi au mtoro, hupita kati ya walinzi wenye nguvu kumshinda, na salama yake yote imo katika kutoonwa. Hapa Kiswahili kimetupa maneno mawili yanayotufaa sana. Kitu kinachoonekana si lazima kiwe kimeonwa: embe lililoiva juu ya mti laonekana, ijapokuwa hapana aliyepita chini yake. Anayejificha anayo, basi, maswali mawili. Je, ninaonekana? Na je, nimeonwa? La pili hujibiwa upesi, kwa makelele na risasi. La kwanza ndilo gumu, kwa sababu hapana awezaye kujitazama kwa macho ya adui yake. Wapenzi wa michezo hubishana sana juu ya kamera, na wasikilizaji wao hudhani ni suala la ladha tu, kama mtu apendaye chai na mwenziwe apendaye kahawa. Nadhani mabishano hayo yana mzizi katika swali hilo la kwanza, na kwamba historia ya michezo ya kunyemelea ni historia ya majibu yake.

Majibu ya mapema yalitolewa kwa jicho la ndege. Castle Wolfenstein, mchezo uliotungwa na Silas Warner wa kampuni ya Muse Software ya Marekani mwaka 1981 kwa kompyuta ya Apple II, ulionyesha vyumba vya ngome ya Wanazi kama ramani iliyotandazwa mezani. Mfungwa atafuta mipango ya vita na mlango wa kutokea. Akivaa sare ya adui aweza kuwapita askari wa kawaida, ila si wale wa SS. Mwaka 1987 Hideo Kojima wa kampuni ya Konami huko Japani alitoa Metal Gear kwa kompyuta ya MSX2. Alikuwa ametakiwa atunge mchezo wa vita, lakini kompyuta ile haikuweza kuonyesha askari na risasi nyingi kwa pamoja. Akaugeuza upungufu ukawa kanuni, akatunga vita vya kuepuka vita. Walinzi wake waliona mbele yao kwa mstari ulionyooka tu. Metal Gear 2, mwaka 1990, iliwapanulia macho, na mchezaji naye akapewa rada. Katika michezo hii yote swali letu halina uchungu, maana mchezaji auona mwili wake, amwona mlinzi, na auona ukuta ulio kati yao. Kujificha kwake ni hesabu, kama ya mcheza bao ahesabuye kete.

Mwaka 1992 kampuni ya id Software ilitwaa jina la mchezo wa Warner ikatoa Wolfenstein 3D, na jicho likateremshwa kutoka darini hadi ndani ya kichwa cha mhusika. Mwanzoni watungaji walikusudia kuutia mchezo mpya mambo ya ule wa kale: kuburuta maiti za walinzi zisigunduliwe, kuvaa sare zao, kupita kimya. Wakayaondoa yote, kwa kuwa yalipunguza kasi, na kasi ndiyo iliyokuwa uzuri wa kazi yao. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa mchezo ule, lakini uliacha nyuma yake dhana isiyo na msingi: kwa miaka kadhaa nafsi ya kwanza ilikuwa, kwa watu wengi, jina jingine la bunduki.

Ndipo ulipofika mwaka 1998, ambao wanahistoria wa michezo huutaja kama wanahistoria wa siasa watajavyo mwaka wa mapinduzi. Michezo mitatu ilitoka katika mwaka huo mmoja, na kila mmoja uliliweka jicho mahali pake. Tenchu, ya kampuni ya Acquire ya Japani, ililiweka nyuma ya ninja arukaye mapaa ya nyumba. Metal Gear Solid, ya Kojima yule yule, ililibakiza juu kwa sehemu kubwa, ila mhusika akijibanza ukutani kamera ilishuka ikatazama ujia ulio mbele yake. Palikuwapo na kitufe cha kuingia katika macho yake, lakini aliyekibonyeza alisimama palepale asiweze kutembea, kana kwamba kutazama na kwenda ni kazi mbili zisizofanywa na mtu mmoja. Na mwishoni mwa mwaka, kutoka Cambridge katika jimbo la Massachusetts, ikaja Thief: The Dark Project ya Looking Glass Studios, iliyomtia mchezaji ndani ya kichwa cha mwizi aitwaye Garrett na kumwacha humo.

Nataka tukae kidogo na mwizi huyu. Garrett hauoni mwili wake. Akisimama katika pembe yenye giza hajui kama bega lake limeguswa na mwanga wa mwenge. Watungaji wakamwekea chini ya skrini kito kidogo kinachong'aa anapokuwa mwangani na kufifia anapoingia gizani, na kwa kito hicho wakalijibu swali la kuonekana bila kumtoa mtu ndani ya kichwa chake. Lakini kito hakimwambii aliko adui. Kwa hilo alipewa masikio. Sauti katika Thief zilipita milangoni na katika kumbi kwa njia ambazo sauti hupita. Mlinzi aliye chumba cha pili alisikika akikohoa, akiimba, akilalamika peke yake, na mchezaji alipima umbali wake kwa kusikiliza. Nyayo za mchezaji nazo zilisikika: kwenye vigae na chuma zilipiga kelele, kwenye zulia na nyasi zilinyamaza. Alikuwa na mishale ya maji ya kuzimia mienge, na mishale ya kuvu ya kutandika sakafu yenye kelele. Yaonekana dhahiri kwamba umaskini wa jicho ndio uliozaa utajiri huo wote. Kama Garrett angekuwa na jicho nyuma yake na juu yake, nani angejisumbua kusikiliza kikohozi?

Upande wa pili usidhaniwe kuwa ulikuwa mtupu. Watetezi wa nafsi ya tatu husema kwamba binadamu ana hisi nyingi kuliko mbili; mtu anayejificha nyuma ya nguzo huuhisi mwili wake wote, ajua kama kiwiko kimetokeza, na skrini isiyoonyesha ila mbele yake imemfanya kipofu wa nafsi yake. Kwa hiyo, wasema, kumwonyesha mwili ni kumrudishia haki yake. Hoja hii ina uzito, nami ningeikubali yote kama michezo yenyewe isingeitolea ushahidi kinyume. Splinter Cell, ya tawi la Ubisoft la Montreal, ilipotoka mwaka 2002, ilimwonyesha mpelelezi Sam Fisher kutoka nyuma, mwili mzima, na vivuli vilivyochorwa kwa ustadi mkubwa. Hata hivyo watungaji walimwekea mchezaji kipimo cha mwanga, ndugu wa kile kito cha Garrett. Tenchu nayo ilikuwa na namba ya kueleza ukaribu wa adui. Metal Gear Solid 3, mwaka 2004, ilimlaza mhusika wake katika nyasi za msituni tukimwona kuanzia kichwani hadi miguuni, na bado ikaandika pembeni, kwa asilimia, jinsi nguo zake zilivyofanana na mazingira. Kuuona mwili wangu, kumbe, hakuniambii jinsi mwingine auonavyo.

Kama ni hivyo, jicho la nyuma lina faida gani hasa? Faida yake ni ile isiyotajwa sana na watetezi wake. Mwili umejibanza nyuma ya ukuta, hauoni wala hauonwi. Lakini kamera imesimama hatua mbili nyuma yake na juu kidogo ya bega, nayo yaona kilichoko upande wa pili wa kona. Mlinzi hawezi kuiona kamera. Mchezaji amepata kuona bila kulipa gharama ya kuonekana, na gharama hiyo ndiyo iliyokuwa uhai wa mchezo. Ninaita huko kuiba kwa jicho, wala sisemi kwa lawama: wizi huo hupendeza, na humpa mchezaji utulivu wa kupanga njia yake kama fundi.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ulitokea mwaka 2004, katika Splinter Cell: Pandora Tomorrow. Humo palikuwa na shindano la watu wanne, wawili kwa wawili: wapelelezi dhidi ya walinzi wa kukodiwa. Wapelelezi walitazama kwa nafsi ya tatu, na walinzi kwa nafsi ya kwanza. Mpelelezi hakuwa na bunduki ya kuua kwa mbali. Alikuwa na wepesi, mapaa, na jicho lililozunguka kona. Mlinzi alikuwa na bunduki, tochi na vyombo vya kunasa mwendo. Lakini hakujua kilicho nyuma ya kisogo chake. Watoto wetu wachezapo kombolela, mtafutaji na waliojificha wana macho ya namna moja. Hapa macho yenyewe yaligawanywa kama silaha, kila upande fungu lake, na mizani ikasimama. Mlinzi aligeuka-geuka kwa hofu, na hofu ile haikuchorwa na msanii yeyote, ilitoka katika upungufu wa jicho. Sijui mahali pengine ambapo hoja hii imethibitishwa waziwazi namna hiyo.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuchanganya. Mchezo wa tatu wa Thief, uliotolewa mwaka 2004 huo huo, ulimwachia mchezaji achague nafsi aitakayo, na toleo la Subsistence la Metal Gear Solid 3, mwaka 2005, lilimpa kamera ya kugeuza mwenyewe, maana jicho la juu halikutosha msituni. Deus Ex: Human Revolution, mwaka 2011, ilitembea kwa nafsi ya kwanza, lakini mhusika alipojibanza kamera ilitoka nje ya kichwa chake ikamwibia kona. Dishonored, ya Arkane, mwaka 2012, ilikataa njia hiyo. Ilimpa mchezaji kuinama kando na kuchungulia. Uaminifu huo kwa jicho moja naupenda, ingawa wizi aliokatazwa kuufanya kwa kamera alirudishiwa kwa uchawi wa kuona kupitia kuta. Jibu safi zaidi la mwaka huo lilitoka Kanada, katika Mark of the Ninja ya Klei, mchezo unaotazamwa kwa ubavu kama picha ya ukutani. Hapo mchezaji angeona vyumba vyote. Basi watungaji wakawaficha walinzi wasiokuwa mbele ya macho ya ninja, na sauti za nyayo zao wakazichora kwa duara. Kumbe kamera yaweza kuwa nje ya mwili na maarifa yakabaki ndani yake.

Alien: Isolation, iliyotolewa na kampuni ya Uingereza ya Creative Assembly mwaka 2014, ilijaribiwa kwanza kwa nafsi ya tatu kabla watungaji hawajaingia ndani ya macho ya Amanda Ripley. Anayewindwa humo hana silaha ya kumwua mwindaji wake. Chombo chake cha kunasa mwendo kinapoinuliwa, macho hukitazama chenyewe, na ujia ulio mbele huingia ukungu. Tena mlio wake waweza kumwita yule anayekimbiwa. Kila kuona kuna gharama yake, na hulipwa pale pale.

Jina la Wolfenstein nalo halikufa. Mwaka 2014 studio ya MachineGames ya Uswidi iliirudishia nafsi ya kwanza ile hila iliyoondolewa mwaka 1992: katika The New Order mchezaji aweza kuwanyemelea makamanda wa Kinazi kabla hawajapiga kengele ya hatari. Studio hiyo hiyo ilipotoa mchezo wa Indiana Jones mwaka 2024, wengi waliozoea kumwona shujaa yule wa sinema kwa kofia na mjeledi wake walinung'unika kwamba wamefungiwa ndani ya kichwa chake. Watungaji wake humtoa nje anapokwea kuta au kubembea juu ya shimo, ili kofia ionekane. Anaponyatia mlinzi humrudisha ndani.