Seva na torenti: ndoa iliyookoa faili nyingi

Leo tuongee kidogo kuhusu historia ya kupakua faili. Kwa miaka mingi kulikuwa na kambi mbili: wale wa seva na wale wa torenti. Wengi walidhani ni lazima uchague moja. Sivyo.

Unapopakua kwa njia ya kawaida, seva moja inahudumia kila mtu. Watu wakiwa wachache, mambo ni shwari. Wakija elfu kumi siku moja, seva inaelemewa na mwenye tovuti anaachiwa bili. Yaani faili ikipendwa sana ndipo inapokuwa ngumu kupatikana!

Mwaka 1999 Shawn Fanning alileta Napster, ikaonyesha kuwa watumiaji wanaweza kupeana faili wenyewe kwa wenyewe. Kesi za hakimiliki ziliizima Julai 2001. Mwezi huo huo Bram Cohen akatoa BitTorrent. Humo faili hukatwa vipande vipande, na kila anayepakua huwagawia wenzake vile alivyokwisha kupata. Haba na haba hujaza kibaba. Watu wakiongezeka, kasi haishuki, kwa sababu kila mgeni anakuja na mchango wake.

Lakini torenti nayo ina ugonjwa wake. Mwenye faili nzima huitwa mbegu. Mbegu zote zikizima mashine zao, unaweza kukwama kwenye asilimia 97 na usitoke hapo. Kwa hiyo seva ipo usiku na mchana ila inaogopa umati. Torenti inapenda umati ila upweke unaiua.

Dawa ilikuwa imelala mezani siku zote. HTTP/1.1, iliyochapishwa Januari 1997, inaruhusu kuomba sehemu tu ya faili: nipe kuanzia baiti hii hadi ile. Na faili ya torenti hubeba alama ya SHA-1 ya kila kipande. Basi programu haina haja ya kuuliza kipande kimetoka kwa nani. Inakokotoa alama, ikilingana inakipokea, isipolingana inakitupa. Seva ya kawaida inaweza kuwa mbegu isiyolala.

Mwaka 2008 njia mbili za kufanya hivyo ziliandikwa rasmi. Ya John Hoffman, BEP 17, ilihitaji programu ndogo iwekwe kwenye seva. Ya Michael Burford, aliyetengeneza GetRight, ni BEP 19: unaongeza anwani ya faili ndani ya torenti, basi. Seva haijui hata kama inashiriki.

Kulikuwa na mgongano mmoja wa kiufundi. Torenti hutafuta kwanza vipande adimu, huku na kule. Seva hufanya kazi vizuri zaidi ikisoma mfululizo mrefu. Burford alipendekeza programu itafute pengo refu zaidi katika faili, iiombe seva ilijaze, na wenzako washughulike na vipande vilivyotawanyika.

Matunda yake? Agosti 2012 Internet Archive ilitangaza torenti zaidi ya milioni moja za vitabu, muziki na filamu, huku seva zake zenyewe zikiwa mbegu za kudumu. Mwaka 2015 Windows 10 ilikuja na wazo la jamaa hiyo hiyo: sehemu ya sasisho inatoka kwa seva za Microsoft, nyingine kwa kompyuta jirani. Ofisi yenye mashine 20 na laini moja ya intaneti inaelewa thamani ya jambo hilo.

Si kila jaribio lilidumu. Amazon S3 ilianza mwaka 2006 ikiwa na BitTorrent ndani yake, na mwaka 2022 huduma hiyo ikaondolewa.

Kwangu mimi, faida kubwa hapa si kasi. Fikiria kitabu cha zamani kinachotafutwa na mtu mmoja kwa mwaka. Umati hautakitunza kamwe, seva itakitunza. Na siku seva itakapofungwa, nakala zilizo mikononi mwa watu bado zinaweza kuthibitishwa kwa alama zile zile, kipande kwa kipande. Ukiwa na faili unayotaka iishi, iwekee njia zote mbili.